Kuhamia mji wa ufukweni na familia: uchague kwa siku zake mbaya

Familia nyingi huchagua mji wa kuhamia zikiwa likizoni. Bahari imetulia, watoto wamelala mapema kwa uchovu wa kuogelea, na mtu anamwuliza mwenzake, "Kwa nini tusihamie hapa hapa?" Sisi tulianza hivyo. Miezi minane baada ya kuhama tulikuwa na nyumba yenye madirisha yaliyoshikana kwa kutu, maji ya bomba yenye ladha ya chumvi, na duka la dawa lililofungwa tangu wageni walipoondoka. Tukahama tena. Safari ya pili tulichagua kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaouweka hapa kwa ajili ya mzazi aliyefika pale tulipokuwa sisi siku ile ya likizo.

Likizo hukuonyesha wiki mbili za mji zilizo nzuri kuliko zote. Wewe unahamia zile hamsini zilizobaki. Kila hatua hapa chini ni njia ya kuzionja wiki hizo kabla hujafunga mizigo.

Hatua ya 1: Andikeni mahitaji kabla ya kutaja mji wowote

Kaeni wote, pamoja na watoto wa shule, na bibi au babu kama mnaishi naye. Kila mtu aandike mambo matatu ambayo hawezi kuishi bila hayo, na moja ambalo yuko tayari kuliacha. Umbali uandikwe kwa dakika. "Hospitali iwe karibu" haipimiki. "Hospitali yenye chumba cha upasuaji ndani ya dakika 30" inapimika. Mwanangu mkubwa aliandika "shule ninayoweza kwenda kwa baiskeli", na mstari huo peke yake uliondoa miji minne kwenye orodha yetu.

Jambo la kipato liandikwe siku hiyo hiyo: nani atapata fedha kutoka wapi, na je, fedha hizo zinategemea wageni wanaokuja na kuondoka? Kama kazi zenu wote wawili zinategemea wageni, hesabuni mwaka wenu kuwa na miezi michache ya mapato na mingine ya kula akiba.

Hatua ya 2: Chujeni miji kwa ramani mkiwa bado nyumbani

Hapa msione uvivu. Jioni mbili za kukaa na ramani zinaweza kuwaepusha na kosa la miaka ishirini.

Anzeni na vimbunga. Vimbunga vya kitropiki ni nadra sana kutokea ndani ya nyuzi 5 za ikweta, kaskazini au kusini, kwa sababu huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo ni ndogo mno. Nje ya ukanda huo, mwambao wowote wa bahari yenye joto unahitaji kuulizwa historia yake: mara ya mwisho kimbunga kilipiga lini, na maji yalifika wapi. Upepo huezua mapaa, lakini mara nyingi watu hupoteza maisha kwa sababu ya maji ambayo upepo huo huyasukuma nchi kavu.

Kisha mwinuko. Tafuteni ramani inayoonyesha urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari, mweke alama kwenye mitaa iliyo chini ya mita 5. Wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Kasi hiyo ikibaki ilivyo, mkopo wa nyumba wa miaka 30 utaisha bahari ikiwa imepanda sentimita 11 nyingine, na mwelekeo wake ni kuongezeka. Sentimita 11 zinaonekana kidogo. Lakini mafuriko ya pwani hayaanzi kwenye maji ya kawaida, huanza kwenye maji makubwa ya bamvua yaliyopandiwa na dhoruba, na hapo kila sentimita inaamua kama maji yatabaki barabarani au yataingia sebuleni.

Halafu tazameni ufuko wenyewe ulivyosogea. Google Earth ina picha za setilaiti za miaka iliyopita, na ile sehemu yake ya kuonyesha mabadiliko ya ardhi inaanzia 1984. Chagueni kitu kisichohama, kama kanisa, msikiti au mnara wa taa, mpime umbali wake hadi majini katika picha ya zamani na ya sasa, zote zikiwa za wakati ambapo maji yako kiwango kinachokaribiana. Kama ufuko umepungua mita 30 kwa miaka 20, mnajua nyumba iliyo mita 40 kutoka majini ina muda gani. Kijiji cha Happisburgh, mashariki mwa Uingereza, kimepoteza nyumba nyingi kwa genge linaloliwa na mawimbi, na huko Rodanthe, North Carolina nchini Marekani, nyumba kadhaa za ufukweni zimeanguka baharini tangu 2020. Wenye nyumba hizo nao waliipenda bahari.

Kuta za kuzuia mawimbi ziangalieni kwa jicho la tahadhari. Mchanga wa pwani husafiri na mkondo kando ya ufuko. Ukuta au gati linalouzuia upande mmoja huunyima upande wa pili, kwa hiyo jirani wa mahali palipolindwa vizuri ndiye anayeliwa haraka. Kinyume chake, mikoko iliyoshikamana na miamba ya matumbawe iliyo hai hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika. Mji ulioitunza mikoko yake una kinga, na pia unakupa dalili ya namna unavyoongozwa.

Mwisho, tsunami. Pwani zilizo karibu na maeneo ya matetemeko makubwa ziwe na njia za kukimbilia zenye alama, na muinuko mnaoweza kuufikia kwa miguu. Tsunami ya 26 Desemba 2004 iliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi 14 zinazopakana na Bahari ya Hindi, nyingine zikiwa mbali kabisa na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, tetemeko lilikotokea.

Ikibaki miji mitatu au minne baada ya hatua hii, mmefanya vizuri.

Hatua ya 3: Nendeni msimu mbaya, na mpange safari kwa mwezi wa angani

Maji usiyoyafika hujui kina chake. Nendeni wakati wa mvua, upepo au baridi, wakati ambao hoteli zinapunguza bei kwa sababu hakuna anayetaka kwenda. Kaeni siku saba angalau, ili mpate Jumatatu hadi Jumapili.

Ndani ya msimu huo chagueni siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Bamvua kubwa za mwaka huangukia mara nyingi karibu na Machi na Septemba. Sehemu nyingi za dunia hupata maji kujaa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa za kuogelea husogea kila siku. Tofauti kati ya mahali na mahali ni kubwa mno: kwenye Ghuba ya Fundy nchini Kanada maji hupanda hadi mita 16, ilhali sehemu kubwa ya Mediterania haifiki hata nusu mita. Ufuko mpana ulioupenda mchana huenda haupo kabisa jioni, na bahari iliyo mbele ya nyumba huenda ikawa matope ya kilomita nzima kwa saa sita.

Maji yakijaa kabisa, tembeeni mji mzima mkitazama chini. Maji yametoka kwenye mitaro ya barabarani? Kuta za nyumba zina mstari wa chumvi? Barabara ya kutoka mjini ni moja tu, na je, inapitika? Mji wenye barabara moja inayofunikwa na maji ni kisiwa kwa siku kadhaa za mwaka, na mtoto haangalii kalenda anapougua.

Mvua kubwa ikikatika, rudini ufukweni siku hiyo hiyo. Mkisikia harufu ya maji taka au mkiona mitaro ikimwaga maji meusi baharini, mmejua kitu ambacho tangazo lolote la nyumba halitawaambia. Ulizeni kama maji ya kuogelea yanapimwa, mara ngapi, na matokeo hubandikwa wapi. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hupima bakteria wa kinyesi na kuupa ufuko daraja moja kati ya manne. Bendera ya Buluu, alama ya ubora inayopewa fukwe, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985 na sasa kutumika nchi nyingi, hudai daraja la juu kabisa la usafi wa maji. Pasipo na vipimo vyovyote, fuateni kanuni hii: watoto wasiogelee siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa, na kamwe wasiogelee karibu na mdomo wa mto au mtaro.

Hatua ya 4: Hesabuni taa

Saa mbili usiku, siku ya kazi, wageni wakiwa hawapo, tembeeni mtaa mnaotaka kuishi na kuhesabu madirisha yenye mwanga. Kama nyumba 40 zina taa sita, wale sita ndio majirani zenu. Wengine ni wamiliki wanaokuja mara moja kwa mwaka, au nyumba za kupangisha wageni kwa usiku. Mtaa wa namna hiyo una kodi kubwa na marafiki wachache wa kucheza na watoto wako.

Miji imeanza kupambana na hali hii. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, huko Cornwall, Uingereza, walipiga kura kwamba nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za watu wanaoishi humo mwaka mzima. Barcelona nayo imetangaza kuwa haitahuisha leseni za nyumba za kupangisha watalii zitakapokwisha mwaka 2028. Ulizeni kama mji wenu una kanuni yoyote ya aina hii, na je, mtaa mnaoutaka unaruhusu kila nyumba kugeuzwa ya wageni? Jibu ndilo litakalowaambia jirani zenu watakuwa nani baada ya miaka mitano.

Tafuteni pia kazi isiyoondoka na wageni: bandari, hospitali, chuo, kiwanda, uvuvi, ofisi za serikali. Kwa maoni yangu mji wenye bandari inayonuka samaki ni bora kwa familia kuliko ule wa hoteli tupu, hata kama picha zake si nzuri.

Hatua ya 5: Hospitali na shule

Endesheni gari au pandeni usafiri wa umma kutoka mtaa huo hadi hospitali saa ya foleni kubwa kuliko zote, mpime dakika. Mkifika, msiridhike na jengo. Ulizeni nani yupo usiku. Kuna daktari wa watoto usiku? Mama akihitaji upasuaji wa uzazi saa nane za usiku, anafanyiwa hapo au anasafirishwa? Magari ya wagonjwa ni mangapi, na msimu wa wageni mji unapojaa, huongezwa?

Shuleni nendeni siku ya masomo na muombe kukutana na mwalimu mkuu. Nilijifunza kuuliza swali moja: mwaka jana walimu wangapi waliondoka? Kwenye miji ya pwani walimu vijana huja kwa hamu kubwa na huondoka kodi inapowashinda. Angalieni pia kama kuna sekondari, maana mtoto wa miaka saba leo ataihitaji kabla hamjamaliza kupaka rangi nyumba.

Hatua ya 6: Isomeni nyumba kwa chumvi

Chumvi haikai baharini. Mawimbi yakivunjika, upepo hubeba vitone vyake nchi kavu, na mita mia chache za kwanza ndizo hupokea mzigo mkubwa. Nyumba ya safu ya tatu au ya nne nyuma ya ufuko huishi maisha marefu kuliko ya mstari wa mbele, na mara nyingi ni nafuu. Dakika kumi za kutembea hadi baharini ni bei ndogo sana. Tulipochagua mara ya pili tulikwenda nyuma ya kilima, na friji yetu bado haijashika kutu.

Ndani ya nyumba anzeni na bawaba za milango, misumari ya paa, vishikio vya madirisha na sehemu ya nje ya kiyoyozi. Kutu kwenye vitu hivi inaeleza umri na matunzo ya nyumba kuliko dalali. Chuma cha pua (stainless steel) cha kawaida huota madoa ya kutu pwani. Aina inayostahimili zaidi ni ile ya namba 316, yenye metali iitwayo molibdenamu ndani yake. Kama mwenye nyumba anajua tofauti hiyo, huyo ni mtu aliyeijali nyumba yake.

Kisha zege. Hapa ndipo penye hatari hasa. Chumvi ikipenya kwenye zege hadi kwenye nondo, nondo huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Tafuteni nyufa zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya kahawia yanayochuruzika, na mahali lipu inapotoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa kifundo cha kidole. Usiku wa 24 Juni 2021, jengo la ghorofa la Champlain Towers South, mjini Surfside, Florida, lilianguka na kuua watu 98. Lilijengwa 1981, na ripoti ya mhandisi ya 2018 ilikuwa imekwisha kueleza uharibifu wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Chanzo cha ajali kama ile huwa na mambo mengi, lakini funzo kwa mnunuzi ni rahisi: kwa ghorofa ya pwani, ombeni ripoti ya mwisho ya mhandisi na kumbukumbu za vikao vya wamiliki, msome moja baada ya nyingine. Mkinyimwa, ondokeni.

Maji ya kunywa yanataka uangalifu huo huo. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hii hufanya kazi kinyume pia: mji ukivuta maji kwenye visima hadi maji baridi yaliyo juu ya usawa wa bahari yashuke mita 1, chumvi huweza kupanda mita nyingi kutoka chini. Onjeni maji mwishoni mwa kiangazi, wakati visima viko chini kabisa. Mji unaoleta maji yake kutoka mbali na bahari una utulivu zaidi kuliko ule wa visima vya ufukweni. Hili silo jambo la kuamini kwa maneno. Chukueni chupa mkapime.

Unyevu nao: mpime ndani ya nyumba asubuhi kwa kipimo kidogo cha kubebeka. Ukizidi asilimia 60 siku baada ya siku, kuvu huota kabatini na nyuma ya vitanda. Kwa mtoto mwenye pumu hilo linatosha kuikataa nyumba.

Kabla ya kulipa chochote, ombeni bei ya bima ya nyumba hiyo hiyo, ikiwamo mafuriko. Kampuni ikikataa kuikatia bima, au ikitaja bei ya kushtua, imekwisha kuwafanyia utafiti bila malipo.

Hatua ya 7: Watoto na maji

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayehamia pwani haogi baharini wiki mbili kwa mwaka; yuko karibu na maji kila siku, na mazoea huondoa hofu.

Ulizeni ufuko upi una waokoaji, miezi gani na saa ngapi. Wengi hulindwa msimu wa wageni tu, na ninyi mtakuwapo mwaka mzima. Ulizeni wavuvi, si wenye hoteli, mikondo inayovuta kwenda kina kirefu iko wapi. Mikondo hiyo huweza kufikia kasi ya mita 2.5 kwa sekunde, inayomshinda hata muogeleaji wa Olimpiki. Mara nyingi huonekana kama njia tulivu na yenye giza katikati ya mawimbi yanayovunjika, na ndiyo sababu watu huichagua wakidhani ni salama. Mfundishe mtoto asipambane nayo: aelee, ainue mkono kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufuko hadi atoke ndani yake.

Mfundishe na dalili za tsunami. Mwaka 2004, kwenye ufuko wa Mai Khao huko Phuket, Thailand, Tilly Smith, msichana wa Kiingereza wa miaka 10, alitambua kwamba bahari ilikuwa ikifanya kile alichofundishwa darasani wiki mbili kabla. Aliwaambia wazazi wake, ufuko ukaondolewa watu, na wakapona. Kwa hiyo mji wenye mafunzo ya kuogelea na ya bahari ndani ya ratiba ya shule upewe uzito mkubwa kwenye orodha yenu.

Jua lisisahauliwe. Mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua inayounguza ngozi, na povu la bahari asilimia 25, hivyo mtoto huungua hata akiwa chini ya mwavuli.

Hatua ya 8: Pangeni kabla ya kununua

Mji ukishinda yote haya, pangeni nyumba humo kwa mwaka mmoja, na mkataba uanze msimu wa wageni unapokwisha. Utawaingiza moja kwa moja kwenye miezi migumu, mkiwa bado na uhuru wa kuondoka. Hakikisheni kodi imeandikwa kwa miezi yote 12. Baadhi ya wenye nyumba hupangisha kwa miezi minane kisha huwataka wapangaji watoke ili nyumba ipangishwe wageni, na familia hujikuta na mabegi barabarani wakati ambapo hakuna chumba mji mzima. Sisi tuliponea chupuchupu kwa sababu jirani alituuliza kama tumesoma ukurasa wa mwisho.

Katika mwaka huo wekeni daftari jikoni. Andikeni siku umeme ulipokatika, siku barabara ilipofungwa, siku mlipoogelea kweli, rafiki mtoto aliyempata, kazi iliyopatikana au kupotea. Mwezi wa kumi wa mkataba kaeni tena na ile karatasi ya hatua ya kwanza, kila mtu asome mambo yake matatu kwa sauti, na aseme kama ameyapata. Binti yetu mdogo aliandika "marafiki wawili". Alikuwa na watatu, na wiki iliyofuata tulianza kutafuta nyumba ya kununua, nyuma ya kilima.